Kerria haitoi maua? Jinsi ya kuipanda, kuipogoa na kuizalisha

Kama una kerria bustanini na mwaka huu imejaa majani tu bila ua hata moja, usiing'oe kwanza. Soma hapa, mana mara nyingi hiyo kerria haiumwi chochote, kilichoondoa maua ni mkasi ulioingia wakati siyo wake. Nimeshaona vichaka vizuri kabisa vinatupwa kwa sababu hiyo tu na inaniuma kweli, kwa sababu kerria ni kivumilivu mno, inastahimili baridi kali, inastahimili kivuli, udongo mzito wa mfinyanzi nao inauweza ilimradi maji hayatuami, na ukishaijua tabia yake inakupa njano tupu kila mwaka.

Kwa asiyeijua, jina lake kamili ni Kerria japonica, yuko kwenye ukoo mmoja na waridi lakini hana miiba, asili yake China na Japani. Huwa inafika mita 1 na nusu hadi 2, aina nyingine mpaka 3. Majani yake yana meno kama msumeno, tena ukilisogeza jani karibu na jicho unaona kila jino lina vijino vyake vidogo, na ncha ya jani imechongoka ndefu. Mashina ni membamba, ya kijani, yanapinda kidogo kila penye kifundo kama yanakwenda zigizaga, na ule ukijani haupotei hata majani yakipukutika yote, kwa hiyo kipindi cha baridi bustani nzima imekauka rangi ya kahawia wewe bado una fungu la vijiti vya kijani pale kwenye kona. Mi binafsi naipendea hilo karibu sawa na maua yenyewe.

Kuna kichaka kingine watu wanachanganya nacho, kinaitwa Rhodotypos. Rahisi kutofautisha: kile maua yake ni meupe yenye petali 4 na majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, kerria petali ni 5 za njano na majani yanapishana, moja huku moja kule.

Hatua ya 1: jua unataka aina gani

Hapa usikimbilie. Aina inayouzwa sana kwenye vitalu ni 'Pleniflora', ile ambayo kila ua ni kama kishada kidogo cha mviringo, petali zimerundikana mpaka huoni katikati. Inasimama wima zaidi, ina nguvu sana, ndo hiyo inayofika mita 2 na nusu au 3, na inatambaa chini kwa chini kwa kasi. Ukiwa na ukuta mrefu wa kuficha au kona kubwa yenye kivuli, chukua hiyo.

Ile ya asili yenye petali 5 tu ni fupi, imetulia, matawi yake yanainama kama upinde, na maua yanapangana kwenye tawi kama vikombe vidogo vilivyofunguka. Kwa bustani ndogo ningekushauri hii, au 'Golden Guinea' ambayo nayo ni ya petali 5 lakini ua lake ni kubwa zaidi. Alafu kuna 'Picta', majani yana ukingo mweupe, ni fupi na polepole, inafaa sana mahali padogo penye giza giza, ila hiyo ina kazi yake ya ziada nitaieleza kule chini. Ipo pia 'Albescens' yenye maua ya njano iliyopauka sana karibu na nyeupe ya krimu, kwa wale ambao njano kali inawachosha macho.

Jambo moja la kujua: ile ya petali nyingi haizai tunda. Wajapani, ambao wanaiita yamabuki na rangi ya njano ya dhahabu kwao imepewa jina la ua hili, wana kisa chake cha zamani. Kinamhusu Ota Dokan, yule mpiganaji aliyejenga ngome ya Edo mwaka 1457, mahali ambapo leo ni Tokyo. Wanasimulia alinyeshewa mvua njiani akaingia kwenye nyumba ya kimaskini kuomba vazi la majani makavu la kujikinga na mvua, binti wa pale akamletea tawi la yamabuki bila kusema neno, Dokan akaondoka amekasirika. Baadaye ndo akaelezwa kwamba kuna shairi la kale linalosema yamabuki huchanua petali kwa petali lakini hata tunda moja haina, na kwa Kijapani "tunda" na lile "vazi la mvua" yanatamkika karibu sawa, kwa hiyo binti alikuwa anamwambia kwa adabu kwamba hatuna hata vazi moja. Inasemekana tokea siku hiyo Dokan akaanza kujifunza mashairi. Kwa hiyo ukiwa na 'Pleniflora' usisubiri mbegu, uzazi wake ni wa vipandikizi na machipukizi basi.

Hatua ya 2: mahali

Kivuli cha nusu. Jua la asubuhi alafu mchana ipate kivuli cha mti au ukuta, hapo inakaa vizuri kabisa. Ukiiweka jua kali la kutwa haifi, lakini maua yanapauka haraka, leo njano ya kiini cha yai kesho kutwa yamekuwa kama karatasi iliyosahaulika dirishani, na kipindi chako cha maua kinakuwa kifupi. Kivuli kizito cha moja kwa moja nacho hapana, mashina yanarefuka yakitafuta mwanga na maua yanakuwa ya kuhesabu.

Kumbuka pia hiki ni kichaka cha sehemu zenye majira manne, kinapukutisha majani na kulala wakati wa baridi, kwa hiyo ratiba yote hapa chini inafuata majira na siyo tarehe. Kaskazini mwa ikweta maua yanakuja mwezi wa 4 na wa 5 hivi, kusini mwa ikweta geuza, ni mwezi wa 9 mpaka wa 11 hivi.

Hatua ya 3: kupanda

Wakati mzuri ni baada ya majani kupukutika au mwanzoni mwa machipuko kabla vikonyo (yale macho ya kuchipua) havijafunguka, ardhi ikiwa haijaganda. Chimba shimo upana mara 2 ya chungu, kina kilekile cha chungu usizidishe, mana shina likifukiwa sana kwenye udongo unaoshika maji linaoza. Lowesha mche kwanza, utoe, kama mizizi imejizungusha kama kamba ifungue kwa vidole, weka, rudisha udongo uleule uliochimba ukichanganya na mboji kidogo, kanyaga taratibu kwa mguu kuondoa mifuko ya hewa, mwagilia ndoo nzima. Kichaka kwa kichaka acha mita 1 na nusu. Utaona ni mbali sana sasa hivi, subiri miaka 3.

Tandaza matandazo ya majani makavu au magome unene wa sentimita 5 hadi 7, yasigusane na mashina.

Hatua ya 4: maji na mbolea

Mwaka wa kwanza mwagilia kila udongo ukikauka sentimita chache juu, tena umwagilie chini kwenye mizizi siyo juu ya majani, sababu yake utaiona kwenye ugonjwa. Kuanzia mwaka wa 2 inajitegemea, labda ukame uwe mrefu.

Mbolea ni hivi, kidogo tu. Kiganja cha mboji kuzunguka shina mwanzo wa machipuko kinatosha. Watu wanaopanda kerria karibu na majani ya uwanja alafu wanamwaga mbolea ya naitrojeni kila mwezi ili uwanja uwe kijani wanaishia kuuliza mbona kerria ni majani matupu, sasa si umeilisha majani, itatoa nini kingine.

Hatua ya 5: kupogoa, na hapa ndo penyewe

Nianze mbali kidogo ili ueleweke mantiki. Kichaka hiki kimepewa jina la William Kerr, Mskoti aliyekuwa mtunza bustani kwenye bustani ya mimea ya Kew kule Uingereza, ambaye mtaalamu wa mimea Joseph Banks alimtuma Canton (Guangzhou ya leo), China, mwaka 1803 akakusanye mimea. Kerr ndo aliyepeleka Ulaya ile aina ya petali nyingi, baadaye akahamishiwa Ceylon, Sri Lanka ya sasa, akafia huko mwaka 1814. Kabla ya jina hilo wataalamu walikuwa wanabahatisha tu mmea huu uwekwe wapi. Thunberg mwaka 1784 aliuweka kwenye jenasi (kundi la mimea inayokaribiana) ya mlenda, Linnaeus yeye aliuweka kwa rasiberi, mpaka de Candolle alipoupa jenasi yake peke yake mwaka 1818, na mpaka leo kwenye jenasi hiyo uko peke yake. Wote wawili wa mwanzo walikosea lakini Linnaeus kwa mtu wa bustani alikosea karibu sana, mana kerria inaishi kama rasiberi: shina linatoka ardhini, mwaka wa kwanza linarefuka tu, mwaka unaofuata linatoa maua, alafu linazeeka na jipya linatoka pembeni yake. Ukishalishika hilo kichwani huhitaji kukariri kitu kingine.

Sasa fuatilia. Shina lililochipua machipuko ya mwaka huu litakuwa kijani nyororo lisilo na tawi, linarefuka kiangazi chote, na kabla ya baridi tayari limeshaandaa vikonyo vya maua ya mwakani. Wewe ukija mwisho wa baridi na mkasi, kwa nia njema kabisa ya kusafisha bustani kabla ya msimu, unakata vikonyo vyote hivyo. Kichaka kitachipua vizuri, kitapendeza, kijani mpaka basi, na ua hakuna. Mi iliwahi kunitokea kwa mtu niliyempa kazi ya kupunguza fensi, akamaliza fensi akaona na kerria imechangamka akaipiga mkasi uleule wa fensi ikawa duara kama mpira. Ilikuwa wiki 3 kabla ya kuchanua. Nilikaa mwaka mzima naangalia duara la majani, na mbaya zaidi zile ncha zilizokatwa kila moja ilitoa vitawi 3, 4, ndani kukawa msitu mkavu.

Kwa hiyo kata mara tu maua yanapoisha, ndani ya wiki 2 au 3, usingoje. Fanya kwa mpangilio huu:

Kwanza yaliyokufa. Kerria huwa ina vijiti vikavu vingi kila mwaka, ni kawaida yake usiogope. Shina lililo hai ni la kijani, lililokufa limegeuka kahawia au kijivu, na ukiwa na wasiwasi kwaruza kwa ukucha, chini ya ngozi kukiwa na kijani kibichi acha, kukiwa na ukavu kata chini kabisa. Ukikata shina lililo hai angalia pale kwenye jeraha: duara la kijani nje, ubao mwembamba, alafu katikati moyo mweupe laini kama sponji, ukiusukuma kwa kijiti unatoka wenyewe mzima kama utambi wa taa. Mtoto akiwa karibu mwonyeshe, atakusaidia kukusanya vijiti vyote vilivyobaki.

Pili, mashina yaliyotoka kutoa maua. Haya yafuate kutoka nchani ukishuka mpaka ukute chipukizi jipya lenye nguvu linalotoka ubavuni, kata juu tu ya hapo. Kama halina chipukizi la maana, lishushe mpaka ardhini.

Tatu, wazee. Kwa kichaka cha miaka 4 na kuendelea ondoa kila mwaka shina 1 kati ya 3 au 4, yale manene na yenye magamba ya kahawia chini, ukate sentimita 3 hadi 5 toka ardhini. Wengi wanaogopa hapa. Usiogope, unafungua mwanga uingie katikati ili mashina mapya yatoke, na hayo ndo maua yako ya mwakani.

Usikate ncha za juu kusawazisha. Hata kama moja limezidi mengine kwa nusu mita, ama liache liiname, ama lifuate mpaka chini uliondoe lote. Umbo la kerria ni la chemchemi, linaruka juu na kuinama, ukilisawazisha kama nywele za kinyozi umepoteza kilichokufanya uipande.

Na kama umerithi kichaka kizee kilichosahaulika, mashina mengi makavu huwezi hata kuingiza mkono, baada ya maua kata chote kibaki sentimita 15 hivi, mpe mboji na maji, chipukizi zikitoka punguza ubakize zenye afya. Mwaka unaofuata maua yanaweza yakawa machache, wa pili yake unakuwa na kichaka kipya.

Hatua ya 6: kuizuia isiteke bustani

Mizizi inatoa machipukizi pembeni, hasa 'Pleniflora', na ukiacha miaka michache una pori dogo lililomeza mimea ya jirani. Mara moja kwa mwaka zungushia sepetu kali kwenye mpaka unaoutaka, izame yote, alafu vuta machipukizi yaliyo nje ya mpaka na mzizi wake. Kukata juu tu hakusaidii, yanarudi.

Ila usiyatupe hayo, ndo miche ya bure.

Hatua ya 7: kuzalisha

Njia rahisi ni hayo machipukizi. Baada ya majani kupukutika au mapema kabla ya machipuko, chagua chipukizi lenye mizizi yake, likate na sepetu kutoka kwa mama, punguza urefu kwa nusu ili mizizi michache isibebeshwe mzigo, panda siku hiyohiyo na umwagilie. Karibu yote yanashika.

Vipandikizi vya kiangazi: chukua shina la mwaka huu ambalo chini limeanza kukaza na juu bado laini, kata urefu wa sentimita 10 hadi 12 chini tu ya kifundo, ondoa majani ya chini, acha 2 au 3 juu, choma kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika na mfuko wa plastiki usioguse majani, weka kivulini. Kila baada ya siku chache fungua ipumue. Ukivuta kidogo baada ya wiki 4 mpaka 6 ukaona inagoma, mizizi tayari.

Vipandikizi vya shina gumu ni vya mtu asiye na haraka. Majani yakishapukutika kata vijiti vya sentimita 20 hadi 25, vizike theluthi mbili ardhini mahali penye kinga ya upepo, visahau, vihamishe mwaka unaofuata msimu kama huo. Angalia tu usivizike kichwa chini, kikonyo kinatazama juu.

Kwa wenye 'Picta', ile kazi ya ziada ni hii: mara kwa mara itatoa shina lenye majani ya kijani kitupu bila ule weupe. Shina hilo lina nguvu kuliko mengine kwa sababu jani lote linatengeneza chakula, na ukiliacha litawameza wenzake mpaka kichaka chote kinarudi kijani. Siku hiyohiyo ulipoliona liondoe toka chini kabisa, hapa usingoje maua yaishe.

Hatua ya 8: madoa kwenye majani

Wadudu hawaisumbui sana. Tatizo kubwa ni kuvu inaitwa Blumeriella kerriae, inashambulia kerria tu. Unaanza kuona madoa ya kahawia yenye wekundu au zambarau kwenye majani, yanaungana, jani linageuka njano linaanguka kabla ya wakati wake, alafu mabaka yanashuka kwenye mashina na vijitawi vinakauka. Mvua nyingi na kichaka kilichobanana ndo inavipenda, na ndo mana nikasema maji yamwagwe chini na katikati kufunguliwe.

Ukiiona, kata mashina yote yenye mabaka mpaka kwenye sehemu safi au ardhini, hata kama siyo wakati wa kupogoa, maua ya mwaka mmoja siyo kitu. Zoa majani yote yaliyoanguka maana kuvu inalala humo kipindi cha baridi, usiyaweke kwenye lundo la mboji, yachome au yafukie mbali. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kwenda kwenye kichaka kingine. Na mche mpya ukinunua geuza majani uangalie kabla ya kulipa, mana mara nyingi inaingia kwako na mche.

Kitu cha mwisho, maua ya ndani ya nyumba. Vikonyo vikianza kuonyesha njano ila havijafunguka, kata matawi machache marefu asubuhi na mapema, ponda au pasua kidogo mwisho wa shina, ondoa majani yatakayozama, weka kwenye chombo kirefu na ubadilishe maji kila siku ya pili. Yatafungukia mezani. Chagua yale mashina ambayo ungeyatoa tu kwenye zamu ya kupogoa, ukate mpaka chini, hapo kazi ya hatua ya 5 umeshaianza.